Neno Hakusema

"Alikuja mwenyewe," mpishi alirudia, na safari hii aliweka mkono kifuani. "Mimi sikumwinda ndege wa watu. Sina bunduki, sina mtego, hata mbio zenyewe sina. Nimekaa na sufuria yangu, nahangaika na moto usiotaka kuwaka, mara naona shingo. Shingo, mama! Inakuja mbio kama mgeni aliyesikia mlio wa sahani."

Mama Joho alikuwa amechuchumaa nyuma ya banda la jiko, kwenye machimbo ya kokoto kando ya barabara kuu, ameshika pete nyekundu ya plastiki, ile ya mguuni mwa ndege, iliyookotwa majivuni. Upande mmoja ilikuwa imeyeyuka. Manyoya yalikuwa yamefagiliwa na kurundikwa pamoja na maganda ya vitunguu, bado na ile rangi yake ya mchanga yenye michirizi ya kahawia, rangi ambayo ukiwa jangwani huioni hata ukioneshwa kwa kidole.

"Na alikuwa mtamu?" Dereva aliyewaleta aliuliza kutoka nyuma.

"Ukweli wa Mungu, mgumu kidogo," mpishi alisema, kisha akaona Daktari anavyomtazama, akainamisha kichwa.

Daktari wa wanyama alikuwa kijana mwembamba ambaye akikasirika huvua miwani na kuifuta, hata kama haina vumbi. Aliifuta sasa, akaivaa, akaivua tena. Alimweleza mpishi kwamba yule alikuwa tandawala, ndege wa ardhini mwenye miguu mirefu, aliyekwisha kabisa upande huu wa jangwa, na kwamba wao, kwenye kituo chao cha kulelea ndege, walikuwa wameangua mayai yaliyoletwa kutoka mbali ili ndege hao warudi kwao. Mpishi alisikiliza kwa adabu. Mwisho akasema, kwa huruma ya kweli, kwamba mtu akitaka ndege wake wasiliwe, asingewafundisha kuja jikoni.

Hapo ndipo Daktari alipomgeukia Mama Joho. Maana kama kulikuwa na jambo moja ambalo ndege wale hawakufundishwa, lilikuwa kumwendea binadamu.

Walikuwa hawajawahi hata kumwona binadamu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mama Joho, na ndiyo iliyompa jina. Kila alipoingia kwenye boma la vifaranga alivaa joho la rangi ya mchanga, lililomfunika kuanzia utosini hadi vidoleni, na wavu mbele ya uso. Mkono wa kulia ulizama ndani ya soksi nene iliyoshonwa kuwa kichwa cha tandawala: macho ya vifungo, mdomo wa mbao, na ndani ya mdomo kibano cha kushikia panzi na mende. Kifaranga wa tandawala hajui kudonoa chini siku zake za mwanzo. Anangoja mdomo wa mama yake, na mama yake alikuwa soksi. Mlangoni paliandikwa kwa rangi nyekundu: NDANI USISEME NENO. Akizoea sauti ya mtu, Daktari alimweleza siku ya kwanza, ataifuata sauti ya mtu, na watu wengine wana sufuria.

Walimchagua yeye kwa sababu alijulikana kwa kimya chake. Kuna watu hunyamaza kwa kiburi na wengine kwa woga. Yeye alinyamaza tu, kama mtu anayeona maneno mengi ni kazi ya ziada isiyolipwa.

Ndani ya gari Daktari alingoja hadi machimbo yalipopotea nyuma yao.

"Mama, nakuuliza kwa heshima. Kuna siku uliingia bomani bila joho?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Joto likizidi?"

"Hapana, Daktari."

"Ule mdomo wa mbao ulikuwa unakwama. Hukuwahi kuuvua ukawalisha kwa mkono?"

"Ukikwama nilikuwa nautikisa mpaka unafunguka."

"Ulizungumza nao?"

"Neno sikusema," alisema Mama Joho, na machozi yalimlenga, maana ilikuwa kweli tupu na hakuona namna ya kuifanya iwe kweli zaidi. "Naapa. Hata moja."

Daktari alitikisa kichwa kukubali, kwa namna ambayo watu wastaarabu hukubali wasichokiamini. Dereva, ambaye kwa kawaida alikuwa na utani wa kila kona, alikazana kutazama barabara. Ilikuwa adhuhuri, lami imejaa mazigazi, maji yale ya uongo yanayocheza juu ya ardhi ya moto. Lori moja lilikuwa linaelea ndani yake huko mbele.

"Saa hizi huwezi kujua gari linakuja au linakwenda," Dereva alisema, bila kusemeshwa. "Unangoja tu. Likiwa kubwa, linakuja."

Kati ya ndege wawili waliofunguliwa jangwani alikuwa amebaki mmoja, yule wa pete ya bluu, huko upande wa korongo kavu. Daktari alisema kesho watamfuata wamkamate. Kama mwenzake alikwenda kwa watu, na yeye atakwenda. Atawekwa kwenye kizimba na hatatoka maisha yake yote. Na vifaranga wa mayai yaliyokuwa kwenye mashine hawatafunguliwa jangwani, mpaka ijulikane kosa liko wapi.

Hakusema kosa ni la nani. Mama Joho alilibeba hivyo hivyo hadi nyumbani.

Mama mkwe wake alikuwa ukumbini anachambua dengu na kuzungumza, na kama hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye alizungumza na dengu. Mwanawe, mume wa Mama Joho, alikuwa kwenye ujenzi wa barabara mbali sana, hivyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili na sauti moja.

"Wamekula mtoto wako," alisema alipokwisha kusikia habari. "Pole, mwanangu. Lakini na wewe, ndege gani huyo asiyejua kukimbia moto?"

"Ndiyo ninachojiuliza, mama."

"Au alikuona wewe."

"Mimi nilikuwa kituoni."

"Alikuona wewe katika mtu mwingine. Watoto ndivyo walivyo. Huyu mumeo alipokuwa mdogo alimfuata mwanamke sokoni kwa sababu ya khanga tu, tukamtafuta mpaka jua likachwa."

Mama Joho aliliwazia hilo. Mpishi wa machimbo alikuwa na kitambi na fulana yenye masizi. Hakufanana na joho, hakufanana na soksi, hakufanana na chochote kilichowahi kuingia bomani. Aliinua birika amimine chai, mfuniko ukaanguka ndani ya kikombe, chai ikamwagikia mkeka.

Akasonya.

"Haya, ameanza," mama mkwe alisema, akisogeza dengu zake. "Nyumba nzima haina redio, lakini msonyo tunao. Neno hulisikii siku nzima, ila misonyo, wee! Kwenu walikunyima maziwa wakakupa huo?"

"Nisamehe, mama. Sikukusonya wewe."

"Najua. Umesonya birika. Juzi umesonya ndoo. Usingizini ulimsonya sijui nani, na kama ni mwanangu, alistahili."

Mama Joho alicheka kidogo, akapangusa mkeka, na usiku ule akalala na swali lake likiwa zima kama alivyolikuta.

Asubuhi walilifuata korongo kavu hadi mahali ambapo lori dogo la kituo halikuweza tena kupita. Daktari alishuka na kinasa mawimbi chake, bomba lenye matawi kama kianikio kidogo cha nguo, akawa anakizungusha hewani akisikiliza mlio wa kidude alichokuwa nacho ndege mgongoni. Mchanga ulikuwa bado baridi na umeandikwa habari zote za usiku. Mende alipita hapa, akakutana na nge pale, na baada ya pale mende hakuendelea. Mbweha alizunguka kichaka cha mti wa mswaki, akachimba kidogo, akaghairi. Na katikati ya yote hayo, wazi kama mihuri, alama za vidole vitatu vinavyotazama mbele, bila kidole cha nyuma. Mama Joho alipoziona alihisi furaha, kisha akakumbuka walichokuja kufanya na furaha ikamwaibisha.

Alivaa joho. Daktari alijificha na wavu nyuma ya tuta, na yeye akasogea polepole kuelekea vichaka, soksi mbele, panzi mnono akipigapiga miguu kwenye mdomo wa mbao. Hakuna mtoto wa tandawala ambaye angeukataa mdomo ule.

Huyu aliukataa. Alitokea pembeni ya kichaka, mrefu kuliko alivyokuwa siku ya kufunguliwa, kifua kimejaa, pete ya bluu ikimeta mguuni. Alilitazama joho kwa jicho moja, akaligeuzia jingine, kisha akaondoka zake kwa hatua za mtu aliyekumbuka shughuli. Mama Joho alimfuata. Ndege akaongeza mwendo. Alipofika mbali alilala chini, na pale alipolala pakabaki mchanga mtupu.

"Sielewi," Daktari alisema waliporudi garini. Alikuwa ameketi chini, miwani mkononi. "Anamkimbia mama yake. Vizuri! Ndivyo inavyotakiwa, amekua, amekuwa wa porini. Sasa kwa nini yule mwingine amwendee mpishi?"

"Labda yule alikuwa mjinga," Mama Joho alisema.

"Wametoka bomani pamoja, mama. Wamelelewa sawa."

Hakuna aliyeelewa. Walikaa kwenye kivuli cha lori kama watu waliosahau walichotumwa dukani. Dereva, ambaye hakuajiriwa kuelewa, aliona ni bora abadilishe tairi lililotobolewa na miiba njiani. Alipiga jeki, lori likapanda, akaanza kulegeza nati. Jeki ikazama mchangani. Lori likashuka, na spana ikampiga mkononi.

Dereva alisonya. Haukuwa msonyo wa haraka wa mtu aliyekanyagwa sokoni. Ulikuwa mrefu, wa kuvutwa kutoka mbali, wa mtu anayeilaumu jeki, kiwanda kilichoitengeneza na siku aliyozaliwa.

Na shingo ikanyanyuka.

Ilinyanyuka kule kwenye mchanga mtupu, ikasimama wima, ikageuka. Kisha ndege mzima akawa chini yake na akawa anakuja, mbio, moja kwa moja, mabawa yamefunguka nusu, akiruka vichaka badala ya kuvizunguka. Alikuja mpaka karibu na bampa la lori. Alisimama mbele ya Dereva, akafumbua mdomo wazi, akangoja.

Dereva aliganda na spana yake. Daktari naye alikuwa ameganda, na wavu ulikuwa mbali. Aliponyoosha mkono kuutafuta, ndege alishtuka na kurudi nyuma hadi vichakani.

"Fanya tena," Mama Joho alisema.

"Nifanye nini?"

"Ulivyofanya. Sonya."

Dereva alimtazama yeye, akamtazama Daktari. "Nimsonye nani, mama? Hapa si kuna bosi?"

"Sonya tu, kaka yangu."

"Msonyo hautoki hivi hivi bila mtu. Na nikisonya mbele ya Daktari nitaonekana mtu wa namna gani?"

"Nisonye mimi," Daktari alisema.

Dereva aliomba radhi kwanza. Kisha alisonya, kimsonyo chembamba cha aibu ambacho hata jeki isingekijali. Lakini vichakani shingo ilinyanyuka tena, ikaegemea mbele, ikisikiliza.

Mama Joho aliketi chini mchangani na joho lake lote. Yote yalimjia kwa pamoja, akatamani yasingekuja. Mdomo wa mbao ulikuwa unakwama. Kila siku, mara nyingi kwa siku, vifaranga mbele yake wamefumbua midomo, panzi amebanwa na kibano hakifunguki. Naye, ndani ya joho, nyuma ya wavu, kimya kama alivyoagizwa, alikuwa anausonya. Halafu anautikisa, unafunguka, na chakula kinashuka. Msonyo, kisha panzi. Msonyo, kisha mende. Kwa watoto wale dunia nzima ilikuwa hivyo: kabla ya kushiba, kuna sauti.

"Ni mimi," alisema. "Daktari, ni mimi. Neno sikusema. Nilisonya."

Daktari aliishika miwani bila kuifuta. Ilionekana anatafuta hasira na haoni alipoiweka. "Uliwasonya vifaranga?"

"Niliusonya ule mdomo. Hata sikujua. Mimi nikisonya huwa sijisikii, kwangu ni kama kupumua. Ulisema neno. Msonyo si neno."

"Si neno," Daktari alikubali, taratibu. Alitazama upande wa barabara kuu, kule kwenye machimbo, malori, vibanda vya chai na watu wa kila aina wenye moto usiowaka na matairi yaliyotoboka. "Mpishi naye lazima aliusonya moto wake. Na hakuna mtu nchi hii asiyesonya."

Kisha Daktari alisema jambo lililokuwa na akili, na kwa sababu lilikuwa na akili lilimuuma Mama Joho zaidi. Alisema basi kazi imekuwa rahisi. Asonye, ndege aje, wamtupie wavu. Kizimbani ataishi miaka mingi, atalishwa, hataliwa na mtu.

"Na hatatoka."

"Hatatoka."

Mama Joho aliangalia zile alama za vidole vitatu. Zilikuwa zimezunguka kila kichaka cha mswaki, zimesimama, zimeparura, zimeendelea. Huyu alikuwa anakula mwenyewe. Alikuwa anajua pa kulala. Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kibaya kichwani mwake, na kitu hicho alikitia yeye.

"Nilimfundisha kwamba ni chakula," alisema. "Niache nimfundishe kwamba ni ubaya."

"Utamfundishaje?"

Mama Joho alivua joho. Alilikunja vizuri, akaweka ile soksi juu yake, macho ya vifungo yakitazama chini, akamwomba Dereva aliingize garini lisionekane. Kisha alitembea hadi uwanda wa changarawe akiwa na gauni lake la nyumbani na uso wake mwenyewe, na njiani aliokota mawe madogo akayatia kwenye upindo wa gauni.

Alisonya.

Ndege alikuja. Alikuja kama alivyomjia Dereva, bila kupunguza mwendo, na alipofika aliutazama uso ule ambao hakuwahi kuuona, akafumbua mdomo. Mama Joho alipiga kelele na kurusha jiwe. Lilipita mbali. Ndege aliruka pembeni, akasimama, akamtazama kwa jicho moja kisha kwa jingine.

Alisonya tena. Ndege alikuja tena. Safari hii hakukimbia, alitembea, na kila baada ya hatua chache alisimama. Hilo lilikuwa baya kuliko mbio. Alionekana anadhani amekosea yeye, kwamba pengine hakuja sawasawa. Mama Joho alimkimbilia akipunga mikono, akilia waziwazi sasa, akimtukana matusi yote aliyoyanyamazia maisha yake, na yakatoka mengi, hata yeye alishangaa alikuwa ameyaweka wapi. Jiwe la pili lilimpata bawani. Lilitoa sauti ndogo kavu. Ndege alipiga yowe, akanyanyuka, akaruka chini chini juu ya vichaka hadi akatua mbali upande wa pili wa korongo.

"Basi, mama," Daktari alisema nyuma yake. "Inatosha kwa leo."

"Haitoshi. Mpaka nisonye asije."

"Tutarudi. Tutarudi mpaka mwisho wa wiki. Lakini akija hata mara moja siku ya mwisho, namkamata. Siwezi kumwacha aende sufuriani."

Walirudi kila siku. Kila siku alisonya, na kila siku ndege alikuja umbali mdogo zaidi. Siku moja hakuja kabisa, na Mama Joho alifurahi hadi walipomkuta kesho yake amesimama karibu na lori, kabla hata hajasonywa, kama anayengoja kuelezwa. Nyumbani mama mkwe aliona mabadiliko na hakuyapenda. Birika lilimwaga, ndoo ilivuja, mlango uligoma, na Mama Joho alibana midomo.

"Sonya basi," mama mkwe alisema mwishoni, akiwa na wasiwasi kabisa. "Nyumba imekuwa kama ya wageni."

"Siwezi, mama. Nikisonya namwona."

Siku ya mwisho walichelewa kufika kwa sababu ya mchanga njiani, na jua lilikuwa tayari juu ya vichwa. Daktari alikuwa na wavu begani. Alikizungusha kinasa mawimbi chake, akaonesha kwa kidole upande wa uwanda, mbali, palipokuwa pameanza kujaa maji ya uongo. Mama Joho alikwenda peke yake hadi mahali pake. Aliokota jiwe moja.

Alisonya. Ulitoka mrefu, vizuri, kama ule wa siku zote.

Hakuna kilichonyanyuka. Alihesabu pumzi zake. Akahisi wepesi unampanda kifuani, na chini ya wepesi kitu kingine, kizito, alichokijua na kukionea aibu: alitaka aje. Mara moja tu, amwone bawa limepona.

Kisha huko ndani ya mazigazi pakatokea doa. Lilikuwa jembamba, la kusimama wima, shingo bila shaka. Liliyumba, likakatika katikati, likaungana tena. Lilikuwa linatembea.

"Mama!" Daktari aliita kutoka kwenye lori. "Anakuja au anakwenda?"

Alikaza macho. Doa lilicheza juu ya yale maji yasiyokuwepo, halikuwa kubwa, halikuwa dogo. Jiwe lilikuwa la moto kiganjani. Alinyanyua mkono, akaushikilia hapo juu, akangoja aone.